Laki tisa za kikundi: zinunue DAC ya bei au spika? Karibuni tujadili

MLETA MADA, Mikindani

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, salaam. Kikundi chetu hapa Mikindani kimechangishana shilingi 900,000 baada ya mauzo ya korosho, kwa ajili ya chumba cha kusikilizia muziki. Laptopu tunayo, amplifaya ya zamani tunayo, na spika mbili ambazo zimechoka. Wenzangu wengi wanataka laki sita iende kwenye DAC moja waliyoiona mtandaoni. Mimi napinga. Nimeileta hoja hapa kwa sababu fedha ni ya watu, na ikishatumika hairudi.

Kwa ambaye jina hili ni geni: muziki uliomo kwenye kompyuta ni namba tupu. Spika haijui namba, inajua umeme unaopanda na kushuka. DAC ndiyo inayogeuza namba kuwa umeme huo, kama king'amuzi kinavyopokea namba hewani kikaipa TV ya zamani kitu inachokielewa. Kompyuta yoyote yenye tundu la hedifoni ina DAC yake ndani tayari. Kwa hiyo tunachobishania ni kuongeza nyingine ya nje, na kwa bei gani.

Msimamo wangu ni huu: DAC ya nje ina kazi pale tundu la kompyuta linapokuwa na kelele, au linaposhindwa kusukuma hedifoni inayotaka nguvu nyingi. Kelele ipo, sikatai. Kwenye laptopu yetu ukivaa hedifoni na kusogeza kipanya unasikia mlio mwembamba kama mbu, unafuata mkono wako. Acha mkono, unatulia. Fungua ukurasa mzito, mlio unabadilika. Ni umeme wa ndani ya mashine unaovujia kwenye njia ya sauti. Nikaazima kile kiwaya kifupi cha Apple cha USB-C, ambacho Marekani huuzwa dola 9, nikachomeka. Mbu akanyamaza. Kiwaya hicho kina DAC ndani yake, kinapokea hadi biti 24 (urefu wa kila namba) na kHz 48 (namba elfu 48 kwa sekunde), na kinapita kiwango cha CD, ambayo tangu ilipotoka mwaka 1982 ni biti 16 na kHz 44.1. Kiwango hicho cha CD kinabeba sauti hadi kHz 22 hivi (mitetemo elfu 22 kwa sekunde), na nafasi ya takriban dB 96 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya kimya na mshindo mkubwa. Sikio la kijana mzima huishia karibu na kHz 20, na sisi wenye miaka arobaini na kitu tumeshuka chini ya hapo.

Sasa niambieni, hiyo laki sita inaenda kununua nini ambacho sikio litakipokea? Spika zetu zikipigiwa sindimba, ngoma kubwa inasikika kama mtu anagonga ndoo ya plastiki. Hilo hakuna DAC itakayolirekebisha.

KIJANA WA LINDI

Mkuu, nakuheshimu lakini hapa unawapotosha watu. Mimi nina DAC ya nje ya zaidi ya laki tano, naitumia mwaka wa pili sasa. Siku ya kwanza tu nilipoichomeka sauti ilifunguka. Magitaa ya muziki wa dansi yalisogea mbele, kila moja na mahali pake. Sikuhitaji vipimo kuniambia ninachosikia. Halafu hivyo viwaya vya bei ndogo nusu ni bandia na vinakatika shingoni ndani ya miezi mitatu.

FUNDI REDIO, Ligula

Kabla hamjanunua chochote, naomba mleta mada ajibu: amplifaya ikiwa imeunganishwa na laptopu, kuna mngurumo? Ule mzito wa chini, si ule wa mbu.

MLETA MADA

Upo fundi, na ni mkubwa. Ndiyo sababu wenzangu wanaitaka hiyo DAC.

FUNDI REDIO, Ligula

Basi fanya hivi sasa hivi: chomoa chaja ya laptopu, muziki uendelee kwa betri. Niambie.

MLETA MADA

Nimechomoa. Umekatika palepale, kama mtu amezima jenereta la jirani. Nimerudisha chaja, umerudi.

FUNDI REDIO, Ligula

Huo ni mngurumo wa ethi, yaani ule waya wa usalama unaoingia ardhini. Chaja yako ina pini tatu na amplifaya nayo ina ethi yake, kwa hiyo waya wa sauti umekuwa njia ya tatu, umeme unazunguka humo. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteza fedha. DAC inayokula umeme kutoka USB imeshikana na ethi ya laptopu ileile. Hata iwe ya milioni, mngurumo utapita nao na kuingia kwenye amplifaya. Nimeletewa kesi hizi mara nyingi, mteja amebadilisha mashine mbili na mngurumo uko vilevile.

Dawa ni kuikata hiyo njia: transfoma ndogo za kutenganisha kwenye waya wa sauti, au DAC inayopokea kwa waya wa mwanga, maana mwanga haupitishi umeme. Au jaribu kwanza kuchomeka chaja na amplifaya kwenye soketi moja, mara nyingine hupungua. Msikate pini ya ethi kwenye plagi. Ile ipo kwa ajili ya uhai wenu.

Na jambo la pili, kwa sababu mko Mikindani, bahari mlangoni: chomoa plagi za nyuma ya amplifaya uzitazame.

MLETA MADA

Nimezitazama. Mbili zina ukijani kama wa sarafu ya zamani, moja inaacha unga kidoleni. Sikuwahi kuzichomoa tangu tuilete hiyo amplifaya.

FUNDI REDIO, Ligula

Chumvi ya upepo hiyo. Spiriti na kitambaa, au waya mpya. Itaondoa ile mikwaruzo ambayo nadhani mmekuwa mkiilaumu laptopu.

MLETA MADA

Ahsante sana fundi. Narudi kwa kijana wa Lindi. Mdogo wangu, sikatai kwamba ulisikia tofauti. Nauliza uliisikia kwa kitu gani. DAC nyingi za mezani hutoa voti 2, na tundu la laptopu mara nyingi linatoa nusu ya hapo au pungufu. Voti ikiongezeka mara mbili ni dB 6 zaidi, na sikio likiletewa sauti iliyo juu kidogo halisemi "imepanda", linasema "imefunguka, ina nafasi". Kwa hiyo kulinganisha bila kusawazisha ni kulinganisha sauti ndogo na sauti kubwa.

Sisi tulijaribu Jumapili iliyopita. Tuliazima DAC ya laki nne, tukaweka mlio wa Hz 1,000, tukapima voti kwa mita ya fundi hadi vyombo viwili vikalingana. Hedifoni moja, wimbo mmoja, kwa betri pekee bila chaja. Mpwa wangu alikaa nyuma ya pazia la khanga akibadilisha waya. Mwenzetu aliyekuwa na uhakika kuliko wote alisikiliza mara 16, akapatia 9. Kubahatisha peke yake kunakupa 8. Kabla hatujasawazisha, mwenzetu huyohuyo alikuwa anaichagua ya laki nne kila mara.

MWALIMU, Lindi

Nimefundisha hisabati, niseme hapo: kwa majaribio 16 mtu angepaswa kupatia angalau 12 ndipo tuanze kuamini kwamba si bahati. Tisa si kitu. Lakini nawe mleta mada usifunge mlango kabisa. Mwaka 2016 mtafiti Joshua Reiss alikusanya tafiti 18 za watu zaidi ya 400 zilizolinganisha sauti ya kiwango cha juu na ile ya CD, na jumla yake ikawa watu wanapatia asilimia 52.3, wakati kubahatisha ni 50. Ni kidogo, ila si sufuri, na waliofunzwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi.

MLETA MADA

Mwalimu wangu, nakubali na nashukuru. Naongeza tu kwamba mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walifanya majaribio 554 ya namna hiyo, watu wakapatia 276, yaani nusu. Na tafiti zote hizo zinapima rekodi za kiwango cha juu, zilizotunzwa vizuri. Nyimbo zetu nyingi zimetoka stendi, tumewekewa kwenye flashi kwa mia mbili mia mbili, MP3 (faili lililobanwa kwa kukata sehemu ya sauti) ya kbps 128, kiwango cha chini, iliyonakiliwa na kunakiliwa tena. Kilichokatwa humo hakirudi hata uibadilishe kuwa FLAC, faili lisilokata kitu. Hiyo asilimia 2 na kitu inapatikana wapi kwenye flashi ya stendi?

KIJANA WA LINDI

Hapo kwenye voti sikuwahi kupima, nakiri. Nitaazima mita nijaribu. Lakini hedifoni yangu ni ya omu 250 (ukinzani mkubwa kwa umeme), na tundu la laptopu lilikuwa haliipi nguvu. Hilo hukulijibu.

MLETA MADA

Umesema kweli. Kwa hedifoni ya omu 250 kiwaya cha voti moja kitakuangusha, na wewe ulihitaji chombo chenye nguvu. Naiondoa kauli yangu kwako. Kikundi chetu hakina hedifoni ya namna hiyo.

MAMA WA SHANGANI

Wanangu, nimewasoma tangu juu na nina swali moja. Marehemu mume wangu ameniachia kanda za ngoma na za harusi, kaseti zaidi ya arobaini, na najua wenzangu Mikindani wanazo. Hiyo DAC itazisoma? Maana muziki wenyewe hasa wa huku uko humo, hauko kwenye flashi.

FUNDI REDIO, Ligula

Shikamoo mama. DAC haizisomi. Kanda inatoa umeme, na kompyuta inataka namba, kwa hiyo mnahitaji kinyume chake.

MLETA MADA

Mama, shikamoo. Swali lako limenibadilisha, nalisema wazi. Nilikuja hapa kupigania spika, na kuhusu kanda sikuwa nimefikiri kabisa.

Napendekeza upya. Zipo saundi kadi za nje zinazofanya kazi zote mbili, kuingiza sauti kwenye kompyuta na kuitoa. Behringer UCA202 ni ndogo, ina matundu ya RCA kama ya deki ya kaseti, biti 16 na kHz 48, na ina njia ya mwanga ya kutolea. Kaseti ya kawaida nafasi yake ni dB 50 hadi 60 tu, kwa hiyo biti 16 zinaitosha na kubaki. Tukinunua hiyo, tukaweka transfoma za fundi kwenye mngurumo, na diski ya nje, sehemu kubwa ya laki tisa inabaki kwa spika. Dakika moja ya sauti ya kiwango cha CD ni MB 10 hivi, kaseti ya dakika 60 haifiki GB 1. Kanda arobaini zinaingia kwenye diski ndogo kabisa.

FUNDI REDIO, Ligula

Naunga mkono. Deki ninayo, nitabadilisha mkanda wake wa mpira na kusafisha hedi (kichwa kinachosoma kanda) kwa spiriti kabla ya kila kanda. Mama, usizicheze kwanza. Zilizokaa miaka hushikana, ukizilazimisha zinakatika. Zihifadhi zikiwa zimesimama, mbali na dirisha la baharini.

MWALIMU, Lindi

Ninazo tatu za ngoma za Mingoyo. Nitapanda basi Jumamosi.

KIJANA WA LINDI

Nami nitakuja na DAC yangu, tuipime nyuma ya pazia la mpwa wako. Nikipatia 12, mtaniandikia hapa.

MLETA MADA

Karibuni, baada ya alasiri. Njoo na waya wako mwenyewe wa RCA mdogo wangu, wa kwetu ndio ule wenye ukijani.