Rejista ya wageni ya jengo la serikali Marekani: ombi la FOIA liandikweje?

mfukunyuzi
Wakuu, natafuta rejista ya wageni ya jengo moja la serikali kuu ya Marekani ambalo lina ofisi za mashirika matatu. Niliomba kwa FOIA (sheria ya Marekani ya kupata kumbukumbu za serikali kuu) "orodha ya wote waliomtembelea mkurugenzi mwaka jana", jibu likaja kwamba hakuna kumbukumbu zilizopatikana. Mimi si raia wa huko. Kosa ni uraia, maneno, au nimegonga mlango usio wenyewe?

Bi_Masijala
Uraia achana nao. FOIA inampa haki mtu yeyote, popote alipo. Ungekuwa unaomba kwa serikali ya jimbo hapo ingebidi uangalie: Virginia, kwa mfano, inawabagua wasio wakazi wake, na Mahakama ya Juu iliibariki mwaka 2013.

Mlango ndio kosa kubwa. Rejista hukaa kwa anayelinda geti, si kwa anayetembelewa. Majengo mengi ya namna hiyo yanasimamiwa na GSA (wakala wa majengo ya serikali kuu), ulinzi uko kwa Federal Protective Service iliyo chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, na shirika lenye ghorofa yake huweza kuwa na mapokezi yake na daftari lake. Peleka maombi matano: GSA, walinzi, na kila shirika la mle ndani. Kama walinzi ni wa kampuni binafsi, andika wazi kwamba unataka pia kumbukumbu ambazo mkandarasi anaitunzia serikali. Sheria inazihesabu kuwa za serikali, ila karani asipokumbushwa atatafuta kwenye kabati lake tu.

Maneno nayo yamekuponza. Hawalazimiki kukutengenezea orodha wala kujibu swali; wanatoa kilichopo. Andika hivi: "Rejista za wageni, za karatasi na za mfumo wa kompyuta, za lango la mtaa fulani, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, zikiwa na jina, taasisi, mwenyeji, saa ya kuingia na ya kutoka." Kama zipo kwenye mfumo, omba faili la jedwali, CSV kwa mfano. Ukinyamaza utaletewa picha za kurasa, na kuzichambua ni kazi ya punda.

saa_ishirini
Naongeza la muda, maana hapo ndipo wengi wanapochelewa. Ratiba ya jumla ya utunzaji wa kumbukumbu za serikali kuu inaruhusu rejista za wageni kuteketezwa zikifika miaka 2, au miaka 5 kwa maeneo yenye ulinzi wa daraja la juu kabisa. Anza na tarehe za zamani zaidi. Ombi likishapokelewa, kilichoombwa hakipaswi kuchomwa.

Jibu linatakiwa ndani ya siku 20 za kazi, na wanaweza kujiongezea 10 wakieleza sababu. Wakikuuliza ufafanuzi saa inasimama, kwa hiyo jibu siku hiyohiyo. Mwombaji wa kawaida hupata saa 2 za utafutaji na kurasa 100 bila malipo. Taja kiwango cha juu unachokubali kulipa. Ukiacha wazi, watasimamisha kazi wakuulize.

wino_mweusi
Sasa jiandae kwa wino. Majina ya wageni huzibwa kwa kifungu cha msamaha cha FOIA namba 6 au 7(C), yaani faragha, na mpangilio wa ulinzi kwa 7(E). Lakini hawawezi kuziba ukurasa mzima kwa sababu ya safu moja: saa, taasisi na mwenyeji vinatenganishika na jina. Wakiziba vyote, kata rufaa. Una siku zisizopungua 90 tangu jibu lilipotoka. Hoja yenye nguvu, kwa maoni yangu, ni kwamba mshawishi aliyekuja kikazi kukutana na ofisa hana faragha sawa na mtu aliyekuja kufuatilia pensheni yake.

Omba pia kalenda ya mkurugenzi kwa tarehe zilezile. Jina lililozibwa getini mara nyingine limeachwa kwenye kalenda.

Ikulu ni habari nyingine. Mahakama ya rufaa ya Washington iliamua mwaka 2013 kwamba rejista za wanaomtembelea Rais na ofisi yake haziombwi kwa FOIA, ingawa za wanaokwenda ofisi ya bajeti, iliyo katika eneo hilohilo, zinaombwa.

mfukunyuzi
Nimeelewa, asanteni. Jengo la mahakama ya shirikisho je?

Bi_Masijala
Mahakama haziko chini ya FOIA, Bunge vilevile. U.S. Marshals wanaolinda pale wako chini ya FOIA, kwa hiyo waandikie wao. Ila usishangae wakisema hawana: kwa kawaida watu hupita kwenye mashine ya ukaguzi bila kuandikwa popote, na "hakuna" ya namna hiyo huwa ni kweli.