Kiwanda cha taa kimebadili wakala wa kanda: nimfuate mpya, nibaki na wa zamani au niagize kiwandani?

Mkandarasi_Mdogo: Wakuu, kiwanda ninachochukuaga daunlaiti (zile taa za kuzama kwenye dari) kimetuma barua, wakala wa kanda yetu katolewa kaingia mwingine. Kazi yangu iko katikati, taa 120 zishafungwa bado 80, na oda ya hizo 80 iko kwa yule wa zamani haijatoka. Yeye sa hivi kashika brandi nyingine ananiambia chukua hizi ni zilezile tu. Mngefanyaje?

FundiWaya: Hiyo "zilezile" ndo itakuliza. Ilishanikuta, maboksi yote yameandikwa 3000K (kelvin, kipimo cha umanjano au weupe wa mwanga), wati sawa, tukafunga nusu ya dari brandi hii nusu ile, mchana hamna aliyeona kitu. Usiku tumewasha, huku umanjano safi, huku unaegemea kijani kwa mbali, mwenye nyumba akasimama palepale kwenye mpaka akanyoosha kidole. Hakusema neno. Dari nzima tulishusha. Kelvin peke yake haitoshi, na hata SDCM (kipimo cha rangi za taa kupishana) ikiwa 3, yaani kidogo tu, kila kiwanda kinapimia rangi yake chenyewe.

Saketi_Moja: Na draiva mkuu, kile kifaa kinachoilisha taa umeme. Kama hizo 120 zinadimu (kupunguza mwanga) kwa DALI, yaani amri za kidijitali, halafu akakuletea za 1-10V, zinazofuata volti tu, zinawaka vizuri tu ila kontrola haizioni.

Kiwandani mojakwamoja je?, mi ningeruka wote. *(Bwana_Haraka)*

NilikuwaWakala: @Bwana_Haraka ukiruka watakurudisha kwa wakala, mara nyingi kanda ishagawiwa kwa mkataba. Halafu yale masaa 50,000 ya L70 wanayoandikaga kwenye taa maana yake mwanga umeshuka mpaka asilimia 70, sio kwamba draiva itafika huko, draiva ndo hutangulia kufa, sasa mwaka wa tatu nani anakuletea nyingine?
Ila msimseme sana mzee wa watu, huyo wakala wa zamani. Wakala wengi hawana stoki, wanalipwa kamisheni kiwanda kikishatoa mzigo, kwahiyo oda iliyoandikwa enzi za yule na kutoka enzi za huyu wote wawili wanaivutia kamba, na hapo ndo inakwama. Andikia kiwanda, taja namba ya oda, waulize hii ni ya nani na waranti ya zile 120 anaibeba nani. Wajibu kwa maandishi, simu hapana.

Mkandarasi_Mdogo: Wamejibu. Oda inahamia kwa mpya, kamisheni wanamalizana na mzee wenyewe, waranti ya zote kwa mpya. Huyo mpya swali lake la kwanza kaomba namba ya bechi (fungu lililotengenezwa pamoja) iliyo kwenye boksi ili atafute rangi ileile, nikaona huyu anajua kazi. Tabu maboksi vijana walishachoma, nimechakura stoo nzima nimepata matatu, moja limeloa lakini namba inasomeka.

FundiWaya: Shusha na taa moja upige picha lebo ya draiva kabisa, leo hiihii.