Watu wa Mtambwe (kikundi cha ukoo kwenye simu): Kabla ya Kuagiza, Uliza Hapa

Rukia (Fuoni): Asalaam alaykum ndugu zangu. Ijumaa nafunga oda ya Sikukuu. Mwenye haja alitaje leo, tukiagiza pamoja nauli ya mzigo tunagawana. Mpaka sasa nimeandika mafuta ya nazi ya nywele, vikapu vya sokoni, sabuni za mwani, kofia za watoto, unga wa manjano wa singo ya kusugulia mwili, blenda na chaja za simu.

Mama Mdogo Zuwena (Michenzani): Waalaykum salaam. Nitie kwenye mafuta na kikapu. Kile cha plastiki cha mwaka jana mkono umekatika.

Hamadi (Mjini): Mzigo ukifika bandarini Malindi naubeba mimi kwa pikipiki, msitafute mtu mwengine.

Shangazi Mwana (Mtambwe, Pemba): Waalaykum salaam. Rukia mwanangu, hayo mafuta ya nazi yanatoka wapi?

Rukia: Shikamoo shangazi. Yanatoka China. Kuna mtu Dar anakusanya oda, anazileta kwa boti. Watu wengi wameyasifia kwenye ukurasa wake.

Shangazi Mwana: Marahaba. Na hapa Mtambwe nazi zinaanguka, zinaota chini ya mnazi kwa kukosa wa kuziokota.

Ami Seif (Wete): Na sabuni ya mwani pia?

Rukia: Ndiyo ami, shikamoo.

Ami Seif: Marahaba mama.

Asha (Chake): Rukia, ile chupa ya mwanzo bado unayo? Ipige picha upande wa nyuma, kule kwenye maandishi madogo.

Rukia: [Picha]

Asha: Haya, angalieni. Kwenye vipodozi kilichomo kwa wingi ndicho kinachotajwa mwanzo, kidogo kinawekwa mwisho. Hapa cha kwanza ni parafini, mafuta yanayotokana na mafuta ghafi ya ardhini. Halafu kilainishi, halafu manukato. Nazi imekaa karibu na mwisho kabisa, chini ya manukato. Parafini haina sumu, hata hospitali wanaitumia, lakini mbele wamechora nazi mbili zimepasuliwa na bei wameweka ya nazi.

Rukia: Subhanallah. Na ndiyo ghali kuliko zote pale.

Mama Mdogo Zuwena: Mimi nitoe kwenye mafuta.

Hamadi: Wakubwa zangu, kunradhini. Hii ndiyo kazi inayonilisha. Watu wakiacha kuagiza mimi sina cha kubeba. Na si kila kitu tunaweza kufanya wenyewe. Chaja utaisuka kwa miyaa?

Shangazi Mwana: Hamadi, hakuna anayekukatia riziki. Chaja agizeni. Mimi nasema vile ambavyo tunavikanyaga hapa uwani halafu tunavilipia nauli ya baharini. Mzigo wako wa kubeba utakuwepo, ila utoke huku bandari ya Mkoani uje huko Malindi.

Mama Mdogo Zuwena: Da Mwana, mimi nyazi zangu nanunua sokoni, lakini kukamua mafuta sijui. Mama alikuwa akifanya wewe ukiwa naye jikoni, mimi nishakwenda mjini kusoma.

Mama Mdogo Zuwena: *nazi

Shangazi Mwana: Maryam hapa pembeni yangu anaandika, mimi nasema.
Chukua nazi zilizokomaa, ukizitikisa maji yanacheza ndani. Dafu halifai, na iliyoota usiitie. Ukikaa juu ya mbuzi, ikune nyeupe tu, ukikaribia kifuu acha, ile ngozi ya kahawia inatia mafuta weusi. Tia maji ya vuguvugu kidogo, kamua, chuja kwa kitambaa. Tui la kwanza na la pili changanya, lilaze usiku mmoja umelifunika. Asubuhi utakuta zito limepanda juu, maji yamekaa chini. Chota la juu tu.
Bandika kwenye seredani, makaa machache, na usiondoke. Linaanza kutokota zito kama uji, linapiga povu. Wewe sikiliza. Sauti itageuka, litaanza kuchachatika kama kitu kinachokaangwa. Hapo maji yamekwisha. Utaona vitonge vinashika rangi ya hudhurungi na mafuta yamejitenga yanang'ara. Epua pale pale. Ukichelewa vitonge vinaungua na mafuta yatanuka moshi mpaka chupa iishe. Chuja, yapoe, tia kwenye chupa kavu. Nasema kavu, maana tone la maji linayaharibu. Lita moja inataka nazi 10 mpaka 15, kwa ukubwa wake. Chicha wape kuku. Vitonge watoto watavimaliza kwa sukari kabla hujageuka.

Rukia: Nimesikia ile harufu mpaka huku Fuoni.

Nassra (Muscat): Mashallah shangazi. Nimeuwekea nyota ujumbe huu.

Ami Seif: Sasa nirudi kwenye mwani, maana hili linaniuma. Mwani ulianza kulimwa kwa biashara Zanzibar mwaka 1989. Mama zenu wameuinamia tangu hapo, maji ya kiuno, jua la utosi, mgongo umepinda. Tunaukausha, tunautia kwenye magunia, unaondoka. Huko nje wanautoa karajinani, ile inayoishika dawa ya meno na aiskrimu visiwe majimaji. Kisha dawa ya meno inarudi dukani na sisi tunainunua. Bei ya mwani anapanga anayenunua, na bei ya dawa ya meno anapanga anayeuza. Pote pawili sisi hatumo.

Nassra: Na maji ya bahari yakizidi joto, ule wenye bei nzuri, kotonii, unakufa. Mama alikuwa akilia. Wengi wamebaki na spinosamu tu.

Ami Seif: Ndiyo hivyo. Halafu leo mtoto wetu anaagiza sabuni ya mwani kutoka nje. Rukia, si wewe ninayekulaumu. Huo mwani ungekuwa unageuzwa sabuni mlangoni kwako ungeununua mlangoni.

Rukia: Nimekufahamu ami. Lakini sabuni inatengenezwaje? Naogopa ile dawa.

Asha: Kuiogopa ni sawa, ndiyo itakuweka salama. Inaitwa kostiki soda, inaunguza ngozi na jicho. Naifundisha skuli kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Vaa glavu na miwani, watoto wasiwepo, fanyia uwani penye upepo. Sufuria ya alumini usitumie kabisa, kostiki inaila na kutoa gesi. Tumia chuma cha pua au ndoo ngumu ya plastiki. Na kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji. Ukigeuza, ukamwaga maji juu ya kostiki, inaruka usoni.
Kilo 1 ya mafuta ya nazi inataka kostiki gramu 174 na maji gramu 350 hivi. Pima kwa mizani, si kwa kijiko. Hiyo ni ya kufulia na vyombo. Ya kuogea punguza kostiki mpaka gramu 150, mafuta kidogo yabaki bila kugeuka, la sivyo itakukausha ngozi. Acha maji ya kostiki yapoe, yamimine kwenye mafuta, koroga mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto. Unga wa mwani mkavu uliosagwa laini unatia hapo, kijiko kimoja viwili. Mimina kwenye boksi lililotandikwa karatasi. Kesho yake kata vipande, uviache kwenye upepo wiki 4 mpaka 6. Usiitumie kabla.

Mama Mdogo Zuwena: Wiki sita! Sikukuu itakuwa imepita.

Asha: Itapita mama mdogo. Hii tunafanyia nyumba, Sikukuu ije ipite sabuni ipo. Na kuna jambo moja la sabuni ya nazi, inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi. Nyie wenye visima vilivyoingia bahari mnajua sabuni za dukani zinavyogoma.

Shangazi Mwana: Kisima changu hicho. Nguo zinatoka na utando mweupe.

Hamadi: Hii nimeipenda. Mimi nikivua naogea maji ya chumvi kila siku.

Mama Mdogo Zuwena: Haya, nyie wa Pemba mna ardhi. Mimi niko Michenzani ghorofani, nikifungua mlango ni ngazi. Nitalima wapi?

Ami Seif: Kwenye kiroba. Kitoboe chini, jaza udongo na samadi iliyooza. Samadi mbichi inachoma mizizi. Mchicha utaanza kuuchuma baada ya wiki tatu nne. Pilipili mbuzi kiroba kimoja kinatosha nyumba. Na manjano anayotaka Rukia ya singo, chukua kipande chenye jicho, kifukie mwanzo wa masika, kivulini si neno. Yanakaa miezi 8 mpaka 10, majani yakikauka ndiyo umwage kiroba. Chemsha, kata vipande vyembamba, anika yakauke kigae, twanga. Yale ya pakiti wengine wanachanganya na unga mwengine.

Mama Mdogo Zuwena: Baada ya miezi minane namwaga kiroba juu ya ngazi za Michenzani, majirani watasemaje.

Ami Seif: Watakuomba mbegu.

Mama Mdogo Zuwena: Lakini nikwambieni, mimi hili la kujitegemea sikulijua kwenye simu. Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima na haukurudi mpaka Machi 2010. Na 2008 ulishatukatikia mwezi mzima kwa ile ile waya inayoleta umeme kutoka bara chini ya bahari. Pampu zilisimama, tukashuka na kupanda ngazi na ndoo. Blenda ikawa pambo. Nyumba yenye kinu, mbuzi na seredani ndiyo iliyopika, na jirani mwenye kisima alikuwa mtu mkubwa mtaani. Umeme uliporudi tukavitupa vyote tena. Mimi kinu nilikitoa bure.

Nassra: Nakumbuka, nilikuwa skuli. Tulisomea taa ya chemli.

Shangazi Mwana: Zuwena, kinu kipo, nakuletea. Na kikapu usiagize. Nakusukia cha miyaa. Ukili ninao umejaa chumbani, bado kushona tu. Mkono ukikatika naushona mwengine, kapu linaendelea. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006 nilifurahi, nikasema sasa watu watarudi kwenye makapu. Wakarudi kweli, lakini kwa makapu ya plastiki.

Rukia: Na kofia za watoto?

Shangazi Mwana: Kofia ya viua ni wiki nyingi za sindano, kitundu kimoja kimoja. Usimwambie mtu leo akupe Sikukuu. Za mwaka huu nenda Darajani ukamtafute anayeshona mwenyewe, umpe pesa mkononi mwake. Na baada ya Sikukuu mlete mwanao Mwanaidi akae nami likizo, ana mkono mtulivu, nimfundishe.

Nassra: Shangazi, nna wazo. Huku Muscat watu wakisikia umetoka Pemba wanakuuliza karafuu na mafuta ya makonyo ya karafuu. Tukitengeneza mafuta na sabuni mimi nayauza huku. Naweka picha kwenye simu, oda zinamiminika.

Shangazi Mwana: Hapana mwanangu. Si sasa. Hebu kwanza nyumba zetu zijae. Zuwena apate, Rukia apate, mama yako apate, wa Fuoni na wa Bububu wapate. Ukianza kuuza nje wiki ya kwanza, mwezi wa pili sisi wenyewe tutakuwa tunanunua tena ya dukani ili ile nzuri ipelekwe. Si ndivyo tulivyofanya na mwani? Ikizidi tutakwambia.

Nassra: Sawa shangazi. Basi niwekeeni chupa moja, nikija likizo naichukua.

Ami Seif: Mimi naongeza jambo. Mtu akiharibikiwa na kitu, pasi, feni, cherahani, asikimbilie kuagiza kipya. Alete picha hapa. Mara nyingi ni waya umekatika ndani ya plagi, au brashi za mota zimekwisha. Brashi ni kitu kidogo cha bei ndogo.

Rukia: Ami, blenda yangu inanguruma haizunguki. Nilikuwa nimeshaiandika kwenye oda, mpya.

Ami Seif: Igeuze juu chini, zungusha kile kisu kwa mkono ikiwa imechomolewa. Kimeshika?

Rukia: Kimeshika. Kigumu.

Ami Seif: Basi ni nazi na vitunguu saumu vimekaukia shingoni. Loweka lile jagi maji ya moto usiku huu, kesho zungusha taratibu. Kikilegea tia tone la mafuta ya nazi. Ya Mtambwe.

Shangazi Mwana: Tuwekeane hivi. Kabla mtu hajaagiza kitu, aulize hapa kwanza. Nani anacho, nani anakifanya, nani anakitengeneza. Pakipita siku moja hakuna aliyejibu, aagize kwa moyo mkunjufu.

Asha: Nimeibandika juu kabisa kwenye kikundi ili kila mtu aione.

Hamadi: Shangazi, boti ya Jumamosi nitakuwepo Malindi. Andika jina langu kwenye pakacha, na chupa zifungwe vizuri, mwaka jana asali ilimwagika.

Shangazi Mwana: Nna mafuta lakini chupa sina. Nikusanyieni chupa tupu za maji ya waridi, zile za kioo, zikaushwe juani, mnipelekee na boti ya kwanza inayokuja huku.

Mama Mdogo Zuwena: Mimi ninazo tele chini ya kitanda. Hamadi pita kesho alasiri.

Hamadi: Napita mama mdogo.

Rukia: Haya, oda mpya hii hapa: chaja mbili. Blenda nimeifuta. Mafuta, vikapu, sabuni, kofia na manjano nimevifuta. Kuna mwengine ana la kuongeza ambalo hapa halipo?

Ami Seif: Nipo mimi. Niongezee sindano za cherahani, namba 14. Zinavunjika sana kwenye jinzi.

Rukia: Pakiti ngapi ami?

Ami Seif: Mbili. Na ule mkanda wa ngozi wa cherahani ya miguu, kama wanao.