Mtaro mmoja, manispaa mbili: nani alipie usafi wake? Naombeni ushauri kabla ya kikao

Katibu_wa_Bondeni

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo naomba tusaidiane, na wenye utani wasubiri kidogo ukurasa wa pili.

Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya mtaa, hapa Dar. Mtaa wetu uko bondeni. Mtaro unaotupitia unaanzia juu, kwenye mitaa miwili ya manispaa jirani, unapita chini ya barabara kwenye kalavati, unaingia kwetu, kisha unamwaga kwenye kijito kinachokwenda mto Msimbazi. Mpaka wa manispaa uko pale pale kwenye kalavati. Ukisimama juu yake, mguu wa kushoto uko kwa mkurugenzi mmoja na wa kulia kwa mwingine.

Masika iliyopita kalavati liliziba, maji yakaingia nyumba 31, yangu ikiwemo. Maji yenyewe sina ugomvi nayo, ya mvua ukiyakinga bati unafulia. Shida ni kile yanachobeba. Jumamosi moja tulitoa viroba 64 kwenye mdomo wa kalavati: pampasi, chupa za maji, maganda ya madafu, na kiti cha plastiki kizima ambacho sasa mwenyekiti wetu anakikalia ofisini. Chini kabisa kulikuwa na tope jeusi linalonuka oili, maana huko juu kuna gereji nne. Vyoo ndiyo usiseme. Mvua ikianza usiku watu wanatapisha, yaani wanafungulia choo kitiririke mtaroni, asubuhi watoto wanayakanyaga hayo hayo wakienda shule.

Tumepiga hesabu. Usafi mmoja ni vibarua 8 kwa siku 2, kila mmoja 15,000 kwa siku, jumla 240,000. Tipa tripu 3 za 120,000, hapo 360,000. Kwa hiyo 600,000 kila tukisafisha, na tunataka mara nne kwa mwaka: kabla ya vuli, katikati yake, na masika vivyo hivyo. Hiyo ni 2,400,000. Fundi anataka 300,000 kwa kila chujio la nondo, na tunahitaji matatu. Mwaka wa kwanza inakuja 3,300,000. Mitaa yote mitatu ina kaya kama 1,900.

Manispaa yetu inasema taka zinatoka kwa jirani. Jirani anasema mafuriko hayako kwake. Wenyeviti watatu wanakutana Jumamosi ya wiki ijayo. Wazo langu ni mfuko wa pamoja: kila kaya itoe 2,000 kwa mwaka, manispaa zote mbili ziongezee. Kuna mtu aliyeona kitu kama hiki kikifanya kazi? Nianzie wapi?

Chura_wa_Jangwani

Mfuko wa pamoja tena? Kwetu tulichanga 5,000 kwa nyumba, kwa mtaro hivyo hivyo. Kilichobaki ni daftari. Hata kalamu iliondoka.

Mzee_wa_Vocha

Katibu, pole na maji. Nimekaa idara ya fedha ya halmashauri miaka 22, sasa nafuga kuku, kwa hiyo nasema bila kuogopa mtu.

Wazo lako ni zuri ila litafia mezani kwa mweka hazina. Fedha ya halmashauri moja ikinunua kitu ndani ya eneo la nyingine, mkaguzi akija hiyo ni hoja. Hakuna mkurugenzi anayetaka kusimama mbele ya CAG, mkaguzi mkuu wa serikali, kujibu hoja ya viroba vya pampasi. Usiwaombe wachange fedha. Waombe wagawane kazi. Manispaa yenu ilipe vibarua wa kuzibua upande wenu. Ya jirani ilete tipa lake ambalo tayari lipo na lina dereva anayelipwa, lipakie upande wake wa barabara. Kila mmoja anatumia fedha yake, kwake, kwa kifungu chake. Kitu pekee kinachokuwa cha pamoja ni kalenda: siku moja, asubuhi moja. Mkisafisha nyie leo na wao baada ya wiki mbili, mmesafisha bure.

Pili, njia ya kupitisha. Zamani juu ya manispaa kulikuwa na Halmashauri ya Jiji, na mambo yanayovuka mipaka yalikuwa na pa kupelekwa. Ile ilivunjwa Februari 2021, Ilala ikawa ndiyo Jiji. Leo meza ambayo wakurugenzi wawili wanaweza kuitwa kwa pamoja iko kwa Katibu Tawala wa Mkoa (RAS). Kwa hiyo muhtasari wa kikao chenu upite kwenye kamati za maendeleo za kata zote mbili, barua ziende kwa wakurugenzi wote wawili, nakala kwa RAS. Bila nakala hiyo kila mkurugenzi atamsubiri mwenzake aanze.

Na angalia tarehe. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti inapikwa miezi mingi kabla. Ukibisha hodi Aprili, chungu kimeshapakuliwa.

Mbeba_Theluji

Nipo Portland, jimbo la Maine, Marekani. Waswahili tupo huku, wa Kongo na Burundi hasa. Nifagiapo maegesho ya magari usiku ndipo nilipoanza kuuliza kwa nini wanahangaika hivi na mchanga na mafuta ya magari.

Kuna kijito kinaitwa Long Creek. Bonde lake liko ndani ya miji minne: Portland, South Portland, Westbrook na Scarborough. Pembeni yake kuna maduka makubwa na maegesho yasiyoisha, kwa hiyo mvua ikinyesha lami yote inaoshwa na uchafu unaishia mtoni. Mwaka 2010 walianzisha chombo kimoja cha bonde zima. Wenye maeneo makubwa ya lami na mapaa wakapewa nafasi ya kuingia kwenye kibali cha pamoja cha maji ya mvua na kulipa dola 3,000 kwa mwaka kwa kila ekari isiyonyonya maji. Fedha hiyo ndiyo inayofagia, inayosafisha chemba, inayopanda miti kando ya kijito. Hawaulizi uko mji gani. Wanauliza una lami kiasi gani.

Hilo ndilo ningelibeba, Katibu. Kwa nini bibi mwenye vyumba viwili na uwanja wa mchanga alipe 2,000 sawasawa na yadi ya malori? Mchanga wa bibi unanywa mvua. Zege la yadi linakutemea yote, na oili juu.

Ila nisikudanganye, huku kuna fimbo. Sheria yao ya Maji Safi ya 1972 iliongezewa meno mwaka 1987, na miji ikaanza kutakiwa kuwa na kibali hata kwa maji ya mvua. Mji unalazimika kuelimisha watu, kukagua mitaro, kutafuta nani amechomeka bomba la choo. Kwa vile kila mji una kazi ile ile, miji ya hapa jirani iliona ujinga kila mmoja kuajiri mtu wake, ikaungana na kuitumia ofisi moja ya hifadhi ya udongo na maji ya kaunti. Bila fimbo sidhani kama wangekaa meza moja.

Chura_wa_Jangwani

Dola 3,000 kwa ekari. Mwenye yadi wa kwetu atakuuliza kama unanunua yadi.

Fundi_Kipimo

Mimi nisemee nondo, maana naona kila mtu amezipita. Katibu, usikubali fundi achomelee wavu wima kwenye mdomo wa kalavati. Mvua kubwa ya kwanza, mifuko na magodoro yatajibandika pale, na wavu utageuka ukuta. Mtafurika vibaya kuliko mwaka jana, na safari hii kwa gharama zenu.

Chujio liwekwe juu zaidi, sehemu mtaro ulikonyooka na pana nafasi ya mtu kusimama na reki. Lilale mteremko, sehemu ya juu ielekee maji yanakokwenda, ili taka zisukumwe zipande badala ya kuziba. Lisifike hadi ukingoni juu, liache upenyo wa maji kuruka likijaa. Nondo ziachane kiasi cha kiganja, msitafute kukamata vizibo. Halafu awepo mtu mwenye jina na simu, analipwa, ambaye mvua ikinyesha anatoka. Chujio lisilo na mtu ni mtego mnaojitegea wenyewe.

Kalavati lenyewe liko chini ya barabara, kwa hiyo lina mwenyewe. Kama ni barabara ya mtaa, ulizeni TARURA. Kama ni barabara kuu au ya mkoa, TANROADS. Msichomelee kitu bila barua. Mkiipata hiyo barua, waombeni kuzibua kalavati kuingie kwenye matengenezo yao, maana wao wana fungu la Mfuko wa Barabara linalotokana na tozo ya mafuta. Kwenye hesabu yako usilipe kazi ya mwenye barabara.

Mpangaji_Chumba_Kimoja

Mnaongea nondo na ekari, mimi niongee choo. Nyumba niliyopanga tuko wapangaji tisa, shimo moja. Mwenye nyumba ana bomba la inchi nne limetokea ukutani kuelekea mtaroni, limezibwa kwa tambara na mfuko wa saruji. Radi ikipiga tu tunasikia anachomoa. Sisi wenyewe tunafumba macho kwa sababu gari la majitaka ni pesa ndefu na tunajua atatuongezea kodi.

Kwa hiyo mkisema "elimu kwa wananchi" mnamuelimisha nani? Anajua. Mimi ningesema sehemu ya hizo hela ipunguze bei ya gari la majitaka mwezi mmoja kabla ya masika. Vyoo vikiwa vitupu, hakuna cha kutapisha.

Katibu_wa_Bondeni

Hili la gari la majitaka halikuwahi kunijia kichwani. Asante sana. Nyumba kama hiyo tunazo zaidi ya kumi, na afisa afya wa kata anazijua, ila akipita mchana anaona ukuta na tambara.

Mzee wa Vocha, nimekuelewa kuhusu kugawana kazi. Lakini michango ya kaya je? Tuiache kabisa? Na gereji tunafanyaje? Nikienda na faini watahamia mtaa mwingine, mtaro ni ule ule.

Mzee_wa_Vocha

Kaya waache. Tayari wanalipa ada ya taka kila mwezi, na kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme, tangu 2021. Ukiwaongezea wa tatu watakuuliza wa kwanza ulikwenda wapi, na hutakuwa na jibu. Jibu hilo ukadai wewe: omba manispaa zote mbili zioneshe ada ya taka iliyokusanywa kwenye mitaa hiyo mitatu na kilichotumika huko huko. Mnaweza kukuta fedha ya vibarua ipo, inatembelea kata nyingine.

Wenye yadi, ukumbi, kituo cha mafuta, hao kaa nao chini. Usiwaombe fedha taslimu, Chura atakusuta. Mwenye malori atoe lori siku nne kwa mwaka. Hapo umeokoa tripu zote za tipa.

Fundi_Kipimo

Gereji ni rahisi kuliko mnavyodhani. Oili chafu ina soko, mafundi wanaipaka mbao mchwa wasile. Wapeni kila gereji pipa moja lenye mfuniko, mpate mtu wa kulipitia. Akishaona inauzwa, hamwagi tena. Kinachobaki ni vumbi la mbao la kumwaga chini pale inapodondoka, na hilo kwa seremala wanalitupa.

Mwana_Kongowea

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu katiba ya 2010 kwenye kifungu cha 189 inaruhusu kaunti kuunda kamati za pamoja na hata mamlaka za pamoja, kwa hivyo kisheria mlango uko wazi. Lakini mimi kama mkaazi nimejifunza jambo moja: mkikutana, msianze na nani amekosa. Sisi kikao chetu cha kwanza kiliisha kwa watu kutajiana nyumba zinazotupa taka. Cha pili tulianza kwa kutembea pamoja kando ya mtaro kutoka juu hadi baharini, viatu vikaharibika sote. Hapo ndipo wazee wa juu waliona chini kunafananaje.

Katibu_wa_Bondeni

Wakuu, narudi na mrejesho. Kikao kimefanyika leo, na tumetembea kama alivyosema ndugu wa Mombasa. Mwenyekiti wa mtaa wa juu kabisa alivaa kandambili nyeupe, sisemi zaidi.

Yaliyokubalika: tarehe mbili za kusafisha kabla ya vuli, mitaa yote siku moja. Mwenye yadi alikataa kabisa kusikia neno mchango, lakini lori ametoa bila ubishi, na dereva. Gereji mbili zimepokea pipa, mbili zimesema zitafikiria. Kaya hazitatoa kitu mwaka huu. Gari la majitaka bado, mwenye gari anataka nyumba ishirini zikubali kwa pamoja ndipo ashushe bei, na nimefikisha kumi na mbili.

Lililokwama: mwenyekiti mmoja hataki kusaini muhtasari wenye maneno "taka zinazotoka mitaa ya juu". Tumebishana nusu saa. Mwishowe tumeandika "taka zilizomo mtaroni".

Mzee wa Vocha, barua aandike nani, mwenyekiti au mtendaji?

Mzee_wa_Vocha

Mtendaji wa mtaa, kila upande ya kwake kwa mkurugenzi wake. Muhtasari uwe mmoja ule ule kwenye barua zote, na mihuri yote mitatu. Peleka kwa mkono, nakala yako igongwe "imepokelewa" na tarehe. Ukiacha bila muhuri wa mapokezi, hukupeleka.