Dokumentari ya meli iliyozama bahari kuu: nikodi droni ya majini, nichukue wapiga mbizi, au nibaki na kumbukumbu na familia?

Kipepeo_Lenzi
Wakuu salaam. Naandaa dokumentari ya dakika 50 kuhusu meli iliyozama bahari kuu miaka mingi iliyopita, na nimefika njia panda. Naweza kukodi droni ya majini, ile ya kebo, kwa jamaa mmoja wa Dar. Naweza kuchukua wapiga mbizi wawili wenye kamera zao. Au niachane kabisa na kushuka chini, nitumie picha za zamani, michoro ya kompyuta na mahojiano. Mwenye droni anataka advansi kabla ya Ijumaa, la sivyo anampa mteja mwingine. Moyo wangu uko kwenye droni, maana mtazamaji anataka kuiona meli yenyewe. Nishaurini.

Mzamiaji_Mafia
Mkuu, hapo hujatuambia kitu. Meli gani? Imelala mita ngapi? Maji ya nchi gani? Una shilingi ngapi mkononi? Kina ndicho kinachopanga yote. Mpiga mbizi wa burudani mwenye mtungi wa hewa ya kawaida mwisho wake mita 40, na hapo anakaa dakika chache tu. Ukizidi unaingia kwenye mitungi ya mchanganyiko wenye heliamu, na mtu akikaa huko chini nusu saa, kupanda kwake ni kwa masaa, anasimama hatua kwa hatua ili gesi imtoke mwilini taratibu. Nimemwona mwenzetu aliyepanda haraka, magoti yalimkamata kabla hajavua mtungi. Taja kina kwanza.

Fundi_Tanga
Na urefu wa kebo ya hiyo droni. Na mwezi unaotaka kwenda. Ukituambia Julai, upepo wa kusi umekaza, tutakuomba usubiri.

Kipepeo_Lenzi
Samahanini, nilidhani nisiwachoshe. Meli ni SS Khedive Ismail. Ilijengwa Scotland 1922 ikiitwa Aconcagua, ikafanya safari za Chile, baadaye ikanunuliwa na Wamisri, na vitani Waingereza wakaitumia kubeba askari. Mapema Februari 1944 ilitoka bandari ya Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo ikiwa kwenye msafara KR 8, meli tano zilizojaa watu. Tarehe 12 Februari, alasiri, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Ilizama kwa kama dakika mbili. Ndani walikuwa watu 1,511, wakafa 1,297. Waliopona ni wanaume 208 na wanawake 6. Kati ya waliopanda, 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wetu waliokuwa wakienda vita vya Bama (Burma).

Ndiyo maana sikubali kuiacha. Watu wanaijua Titanic hadi jina la nahodha, hii iliyotoka Mombasa hawaijui.

Bajeti ni milioni 19 za Tanzania, chakula cha timu humo humo. Kebo ni mita 150. Kina sikukipa uzito.

Fundi_Tanga
Ndugu yangu, usilipe hiyo advansi. Pale ilipozama ni nje ya visiwa, na Maldivi ni vilele vya mlima ulioko chini ya bahari: ukitoka nje ya mwamba, sakafu inaporomoka zaidi ya kilomita moja kwenda chini. Kebo yako itaishia kwenye maji matupu ya buluu.

Mawimbi ya redio hayapenyi maji ya bahari, kwa hiyo roboti inayoleta picha moja kwa moja lazima iwe na waya, na kwa kina hicho unataka waya wa kilomita kadhaa, winchi yake, na meli inayoweza kusimama palepale bila nanga siku nzima. Halafu mgandamizo. Kila mita 10 unaongeza uzito wa anga moja. Ukifika mita 3,000, eneo la kucha ya kidole gumba linabeba zaidi ya magunia matatu ya mahindi. Kasha la plastiki la droni ya kukodi halifiki hata robo ya njia.

Na hapo hujaitafuta. Mahali palipoandikwa 1944 na mahali meli ilipolala si lazima pawe pamoja. Endurance, meli ya mvumbuzi Shackleton iliyozama kwenye barafu ya Antaktika, nahodha wake alipima na kuandika ilipozama, lakini ilipotafutwa 2022 ilibidi waende na meli kubwa ya Afrika Kusini, Agulhas II, na roboti za kuogelea zenyewe, ndipo wakaipata kwenye mita 3,008. Titanic 1985 waliipata kwa kuburuta kamera juu ya sakafu na kufuata vifusi vilivyotawanyika. Meli ya kazi hiyo inakula makumi ya maelfu ya dola kwa siku. Milioni 19 haitoshi hata siku moja.

Mwana_wa_Kilindini
Ndugu Kipepeo, nimesoma nikanyamaza, kisha nikarudi. Babu yangu mzaa mama alikuwa humo. Bibi hakupata kuambiwa zaidi ya karatasi moja yenye neno "baharini". Kila meli ya abiria ilipopiga honi bandarini alitoka nje ya mlango, akasimama na kanga yake, kisha akarudi ndani bila kusema neno. Mimi mtoto nilidhani anapunga upepo. Alifariki mwaka 1991 bado kitanda cha babu kiko chumbani.

Kama wataka kuanza, usianze Maldivi. Enda Nairobi, makaburi ya vita ya Ngong Road. Pana Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, na majina ya vijana wa mizinga waliozama na Khedive Ismail yamechongwa pale. Mimi nilikwenda na mamangu. Jina la babu lilikuwa juu kidogo, hakufikia, nikamwinua. Alipitisha kidole kwenye herufi moja moja kama mtoto anayejifunza kusoma.

Mzamiaji_Mafia
Pole sana dada. Mungu awarehemu.

Kipepeo, hapo una filamu tayari kabla hujalowa.

Kipepeo_Lenzi
Dada Mwana wa Kilindini, asante, sina la kusema. Nitakuandikia faragha kama utaridhia. Lakini wakuu, bado nataka bahari. Dakika 50 za wazee wakikaa kwenye viti haziwezi kumweka mtu.

Lulu_ya_Unguja
Kwa nini usibadilishe meli? Hapa Unguja tuna Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyokuwa bandarini ikitengenezwa mitambo, Königsberg ya Wajerumani ikaja alfajiri ya 20 Septemba 1914 ikaipiga, wakafa mabaharia 38. Chuma nyingi kiliuzwa chakavu 1955 lakini kumebaki vya kuonyesha. Kina cha wapiga mbizi wa kawaida. Mzinga wake na wa Königsberg iko Fort Jesus, Mombasa, unapiga picha mchana kweupe. Ukienda wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, maji ni meupe kama kioo.

Mzamiaji_Mafia
Maji meupe bandari ya Unguja? Dada yangu, pale chelezo, mafuta na mikondo ya Funguni vimejaa. Mwezi mpevu na bamvua, maji yakijaa na kupwa kwa nguvu, huoni mkono wako. Nenda wakati wa maji mafu, yasiyo na nguvu, saa ya maji kujaa, labda utaona mita tano. Labda.

Lulu_ya_Unguja
Nimekulia pale kaka. Mita kumi nimeziona kwa macho yangu mwezi wa pili.

Mzamiaji_Mafia
Siku moja kati ya thelathini.

Kigoma_Mwisho_wa_Reli
Habarini. Mmesahau ziwa. Meli ya Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, walipaka mitambo grisi kwanza ili isiharibike. Tanganyika kina chake ni zaidi ya mita 1,400, hiyo ni bahari kuu ya kwetu.

Fundi_Tanga
Mkuu, hiyo ilinyanyuliwa 1924 na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Hakuna mabaki ya kupiga.

Kigoma_Mwisho_wa_Reli
Nami ndicho ninachosema. Meli iliyofufuka ni habari nzuri kuliko iliyokufa. Na mnaposema "bahari kuu" msidharau ziwa, watu wetu wanakufa humo kila masika.

Fundi_Tanga
Hakuna anayedharau, mkuu.

Kipepeo, nikupe yaliyonipata, maana nimeona ile advansi bado inakuwasha. Tulikodi droni kama hiyo kwa siku tatu, kwa kampuni moja mjini ambayo siitaji, kupiga meli ya mizigo iliyolala mita 28 tu huku kwetu. Mita 28! Siku ya kwanza tulishuka vizuri, picha kali, chewa mkubwa akatoka kwenye tundu la sitaha akaitazama lenzi kama mlinzi wa geti. Nikasema tumeshapata. Asubuhi ya pili ilikuwa bamvua, nahodha alituonya tusubiri maji yatulie, sisi tukamwambia muda ni pesa. Mkondo ukaisukuma droni upande wa mlingoti, na mlingoti ule wavuvi walikuwa wameuachia kipande cha jarife, ule wavu mkubwa. Kebo ikajizungusha mara mbili. Nikavuta polepole, ikakaza. Nikalegeza, mkondo ukaongeza mzunguko wa tatu. Tukakaa saa moja na nusu tunaangalia skrini yenye kamba na kutu. Kisha picha ikaanza kufifia pembeni, ukungu, tone la maji likateleza ndani ya kioo, nikajua basi.

Mpiga mbizi wa kijijini alishuka akaikata. Tulipoifungua botini, fundi wao alinionyesha oringi, ile pete ya mpira inayoziba kasha. Juu yake ulikuwepo unywele mmoja. Mmoja tu, mweusi, umelala kwa upana. Kasha lilikuwa limefungwa na wao wenyewe dukani kwao, lakini mkataba ulisema ukipokea umekagua. Advansi wakaizuia na wakadai nusu ya bei ya mashine. Niliuza lenzi zangu mbili. Filamu nzima ilibaki na dakika nne za chini ya maji, sekunde arobaini ni za yule chewa.

Kwa hiyo ukikodi chochote, fungua kasha mbele ya mwenye mali, futa oringi kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, paka mafuta yake ya silikoni kidogo, na mpige picha wote wawili.

Mzamiaji_Mafia
Nami ningemchukua mpiga mbizi siku zote kuliko mashine. Mtu anaona jarife, anazunguka. Mashine inasubiri umwambie.

Fundi_Tanga
Mtu pia ananaswa na jarife, mkuu, na mtu huwezi kumlipia nusu ya bei.

Shamsi_Mombasa
Mimi niulize jambo lingine. Je, ni halali kwenda kupiga picha pale hata kama uwezo ungekuwepo? Wamelala zaidi ya elfu moja. Hilo ni kaburi. Na nakumbusha kitu kigumu: waliopona topido wengine waliuawa na mabomu ya majini ya manowari zao wenyewe, Petard na Paladin zilipokuwa zikiisaka I-27 chini ya watu waliokuwa wakielea. Ndugu, utalisema hilo mbele ya familia?

Kipepeo_Lenzi
Nitalisema, kaka Shamsi, kwa sababu waliopona walilisema. Kuhusu kaburi, nimefuatilia Montevideo Maru, meli ya Kijapani iliyobeba wafungwa na raia zaidi ya 1,000, wengi Waaustralia, ikapigwa na nyambizi ya Marekani Julai 1942. Ilipatikana Aprili 2023 karibu na Ufilipino, kina cha zaidi ya mita 4,000. Waliipiga picha tu, hawakugusa kitu, hawakutoa hata kijiko. Wajukuu walifarijika kwamba sasa wanajua mahali. Mimi nataka wajukuu wetu wajue mahali.

Mwana_wa_Kilindini
Mamangu ana miaka 84. Akionyeshwa chuma chenye kutu hatajua ni nini. Lakini akionyeshwa maji yale, kutoka juu, siku tulivu, na mtu akamwambia "ni hapa", hilo atalijua. Hamna haja ya kushuka. Nenda na boti, simama, uzime injini.

Lulu_ya_Unguja
Nimelipenda hilo. Droni ya angani basi, siyo ya majini. Na kinasa sauti kinachozamishwa majini, upate sauti ya bahari ile ile.

Fundi_Tanga
Kinasa sauti cha majini nitakuazima cha kwangu, Kipepeo. Waya wake mita 20. Utie tu betri mpya. Na vipande vya chini ya maji kwa ajili ya hisia, shuka hapa kwetu na Mzamiaji, mita 15, taa ziwe mbali na lenzi, la sivyo kila chembe inayoelea itawaka. Ila usimdanganye mtazamaji kwamba ni meli yenyewe. Andika wazi kwenye skrini.

Shamsi_Mombasa
Hilo la kuandika wazi nakubaliana nalo. Hilo la kusimamisha boti bado nalifikiria.

Kipepeo_Lenzi
Nimempigia mwenye droni. Amenipa hadi Jumatatu. Tiketi za ndege za Male, mji mkuu wa Maldivi, watu watatu nimeuliza, zinakula karibu nusu ya bajeti, na hapo bado boti ya kwenda kusini. Kuna anayejua kama kuna meli ya mizigo au jahazi linalopita njia hiyo kutoka Mombasa?

Sato_wa_Mwanza
Samahani kuingilia. Hiyo droni ya mita 150 kama Kipepeo haitaki, mimi nina vizimba vya sato Mwanza, nataka kuangalia nyavu za chini kama zimetoboka. Inafaa maji ya ziwa yenye tope?

Fundi_Tanga
Inafaa ukiikaribia nyavu hadi nusu mita, na uzime taa zake, tope likimulikwa huoni kitu. Vizimba vyako viko mita ngapi?

Sato_wa_Mwanza
Sita.

Mzamiaji_Mafia
Sita? Mkuu, mtafute kijana wa kupiga mbizi, umnunulie miwani.