Ulilazwa ghafla kwa sababu ya tumbo? Nani alikuuguza? Tupeane uzoefu

Salaam ndugu zangu. Waliowahi kulazwa bila kujiandaa kwa ajili ya tumbo, tusimuliane. Naanza na yangu.

Nauza mivumba (nguo za mitumba) Arua, Uganda. Siku hiyo nilikuwa napanda basi la usiku kwenda soko la Owino, Kampala, kuchukua mzigo. Tangu saa kumi jioni kitovu kilikuwa kinaniuma kwa mbali, nikasema ni maharagwe ya mchana. Nikameza vidonge viwili vya maumivu, nikapanda. Pakwach tulivuka nikiwa nimetulia. Kufika Karuma maumivu yakarudi, lakini si kitovuni tena, yamehamia chini upande wa kulia, na kila basi likiruka tuta ni kama nachomwa kisu. Nikatapika kwenye kavera (mfuko wa plastiki). Mji uliofuata kondakta akanishusha, akanikabidhi kwa bodaboda anipeleke hospitali.

Walipima malaria, hakuna. Dokta akanibonyeza pale kulia polepole, kisha akaachia mkono ghafla. Kubonyeza kuliuma, ila kuachia ndiko kulikonitoa machozi. Akasema ni kidole tumbo, na ninapasuliwa usiku huo huo.

Sista akauliza, "Nani anakuuguza?" Nikamwambia niko peke yangu. Akanyamaza kidogo. Wodi zetu mnazijua. Malipo katika hospitali za serikali yaliondolewa mwaka 2001, na kweli upasuaji sikulipia, lakini glavu, kanula ya dripu na lile daftari la shule la kuandikiwa matibabu nilinunua mwenyewe. Chakula, beseni, shuka, kufuliwa, hayo yote ni ya ndugu yako anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Chini ya kitanda changu hapakuwa na mtu.

Kitanda cha pili kulikuwa na kijana anauguzwa na bibi yake, wa kabila la Waacholi. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache tu. Alilichukua shati langu lenye matapishi bila kuambiwa, akalifua, akalianika kwenye majani nje pamoja na lesu (kanga) zake. Nilikuwa sijaruhusiwa kula wala kunywa, na kila asubuhi dokta anauliza kama nimetoa upepo (kujamba), ajue utumbo umeanza kazi. Siku ya tatu nikajibu ndiyo. Bibi alikuja na kikombe cha uji wa mtama, mwepesi, hauna sukari, akanishika kisogo ninywe. Mwanamke ambaye hata jina langu hakulijua.

Nilitoka siku ya sita. Nyinyi je?

Kutoka Bombo:
Pole sana kaka. Mimi ni fundi cherehani, mgongo ulinisumbua nikawa nameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku, mara nyingi sijala kitu. Miezi miwili hivi. Choo kikawa cheusi kama lami, kinanata, nami nikadhani ni mboga. Kumbe ni damu. Nilianguka sokoni nikalazwa, nikaongezwa damu chupa mbili. Baadaye walinipitisha kamera mdomoni, wakaona kidonda tumboni, na kipimo kikaonyesha nina yule bakteria Helicobacter pylori. Nikapewa antibiotiki mbili na omeprazo ya kupunguza asidi, wiki mbili. Maisha yangu yote niliambiwa vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na pilipili, kumbe wale Waaustralia wawili, Marshall na Warren, walipewa Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria huyo na jinsi anavyoleta vidonda! Na zile dawa za maumivu nazo zinachimba tumbo. Jamani, msizimeze kama njugu.

Aliyeniuguza ni wifi yangu. Tulikuwa hatusemezani tangu matanga ya mama mkwe. Alikaa nami siku tisa, ananiogesha.

Kutoka Kasese:
Huku kwetu tumbo halichezewi. Ule mlipuko wa homa ya matumbo wa 2008 na 2009 ulitoboa utumbo watu zaidi ya 200 wilaya hii, na mimi ni mmoja wao. Nilikuwa na homa wiki mbili. Nanunua dawa nusu dozi dukani, nikipata nafuu naacha. Asubuhi moja tumbo likawa gumu kama ubao, hata shuka likiligusa nalia. Nilipasuliwa mara mbili, kovu linaanzia juu ya kitovu mpaka chini. Maji tulikuwa tunachota mtoni, tunakunywa hivyo hivyo. Sasa kwangu hayanywewi kabla ya kuchemka.

Baba yangu ndiye aliniuguza. Mwanamume peke yake kati ya akina mama, anasonga posho (ugali) kwenye mafiga nyuma ya wodi. Mwanzoni walimwangalia tu. Baadaye wakamfundisha kupika mchuzi.

Kutoka Arua:
Kaka wa mivumba, yule bibi ulimpata tena?

Mwanzisha mada:
Nilirudi baada ya mwezi na lesu mbili mpya, nilizichagua mwenyewe. Kitandani kulikuwa na mgonjwa mwingine. Sista alisema mjukuu alipona wakaenda kwao, ila kijiji hakukijua. Lesu nikamwachia yeye, ampe mgonjwa yeyote atakayekuja bila mtu.