MREJESHO: Mwaka mmoja baada ya chuo, nimeamua hivi

Wakuu, salaam. Niliuliza humu nifanye nini kwa mwaka mmoja kabla ya kuomba shahada ya pili: kujitolea, kibarua cha muda au kusafiri. Asanteni sana kwa majibu.

Viza ya likizo na kazi ya Australia niliiacha mapema. Umri wangu unaruhusu, ila inatolewa kwa raia wa nchi zenye makubaliano nao tu, na pasipoti yangu haimo. Anayeifikiria aanzie hapo kabla ya kununua chochote.

WWOOF ilinivutia zaidi: unafanya kazi kwenye shamba la kilimo hai, mwenyeji anakupa chakula na malazi. Hakuna mshahara, nauli ni yako, na baadhi ya nchi huhesabu hiyo kuwa ni kazi, kwa hiyo viza ya utalii haitoshi.

Nimeishia kwa Wanajitolea wa Umoja wa Mataifa, UNV, nafasi ya vijana wa miaka 18 hadi 26. Wanatoa posho ya kujikimu na bima ya afya. Aliyenishauri nianze na kujitolea kwa mtandao, ubarikiwe! Nilihariri ripoti za taasisi ndogo jioni jioni, na kwenye usaili karibu maswali yote yalihusu kazi hiyo. Cheti waliuliza kwa haraka tu.

Mkataba nimeshasaini, naripoti mwezi ujao. Wenye maswali kuhusu usaili, ulizeni hapa hapa, nitajibu.